Masikio ya Swara

Ilianza Jumatano ya kwanza ya likizo ya Aprili, mwaka jana, saa tatu na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu redio ilikuwa imetoka kusoma matangazo ya vifo, na susu akasema kama anavyosema kila siku kwamba leo hakuna anayemjua. Susu ni nyanya yangu. Naishi kwake Mitaboni. Mimi nilikuwa nyuma ya jikoni nasugua sufuria kwa majivu, gari la Anti Mumbua likaingia na kukanyaga mchicha wetu.

Alikuja kunipa kazi. Hiyo kazi nimeifanya likizo baada ya likizo, na sasa nimestaafu. Chekeni mkitaka. Nina miaka kumi na saba, nimestaafu, na kama wastaafu wote niko na maneno ya kuwaambia vijana. Vijana ni nyinyi wa kidato cha kwanza na cha pili, hasa wewe unayejua Kikamba vizuri na huongei sana darasani. Wewe ndiye utatafutwa. Haya nimeyatoa kwa shajara yangu. Nimeondoa mambo yangu ya nyumbani, lakini hasira nimeiacha, kwa sababu bila hiyo singeandika.

Anti Mumbua ni mdogo wa mama yangu. Alikulia Nairobi kwa jamaa zetu, siku hizi anaishi Syokimau, na Kikamba chake ni cha kusalimia tu. Akivuka salamu, watu wanaanza kumjibu kwa Kiingereza, na hiyo inamuuma sana. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya haki ya jinai na kriminolojia, masomo ya wikendi, na alikuwa amefika mahali pa kutoka darasani kwenda kuuliza watu. Alitaka kujua kwa nini watu wa huku kwetu wakiibiwa hawaendi polisi.

"Mwende," aliniambia kabla hata sijanawa mikono, "uko na kazi gani likizo hii?"

"Sina."

"Sasa uko nayo. Utakuwa mkalimani wangu."

"Anti, mimi naona haya."

"Ndiyo maana nakutaka. Hao wengine wote hapa ni redio. Wewe unasikiliza."

Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniambia kwamba haya zangu zinaweza kufanya kazi yoyote. Shuleni ni kitu cha kuandikwa kwa ripoti: mwanafunzi mzuri, aongee zaidi. Nikakubali siku hiyo hiyo.

Basi sikilizeni, kazi yenyewe iko hivi. Simu ya kurekodi usiiweke katikati kama bakuli la mboga, maana watu wataanza kuihutubia kama wako kwenye mkutano wa chifu. Mwonyeshe mtu simu iko wapi, aione, aseme sawa, halafu iweke kando juu ya gunia. Gunia linameza upepo. Lakini kwanza angalia kuku. Kule Kathiani mama mmoja alitueleza vile duka lake lilivunjwa, alieleza vizuri mpaka mimi nikalengwa na machozi, na tuliporudi kusikiliza hakukuwa na duka, hakukuwa na mama, kulikuwa na kuku anatangazia dunia yai lake. Anti alicheka mpaka akashika mlango. "Andika unachosikia," akasema. "Umesikia kuku, andika kuku." Niliandika kuku ukurasa mzima.

Na swali usilisome vile limeandikwa. Siku ya kwanza kabisa Anti alisoma kutoka kwa karatasi: je, umewahi kuwa mwathiriwa wa uhalifu katika kipindi cha miezi kumi na miwili iliyopita? Nikaligeuza kwa Kikamba vile lilivyo, na lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Yule mama, alikuwa anapura maharagwe, akasema hapana, Mungu ametulinda. Tukamshukuru, tukakusanya vitu. Alipotusindikiza akapita kando ya zizi tupu, akasema, "Hapa ndipo mbuzi walikuwa, kabla yule kijana hajawachukua."

Nilipomgeuzia, Anti akasimama. "Mwende, si amesema hajaibiwa?"

Nikamuuliza. Mama akatuona wajinga. "Huo si uhalifu," akasema. "Huyo ni kijana wa Nthenya, jirani yetu."

Tulirudi tukakaa chini, na Anti, pamoja na kucha zake ndefu nyekundu, akapewa rungu apure maharagwe wakati tunaongea. Alipura. Ukucha mmoja ulivunjika, akaendelea. Siku hiyo nilimpenda.

Na kitu kingine: mtu akinyamaza, usimjazie. Watu wa kuongea hawawezi hii kazi. Wakiona kimya wanakitupia swali lingine kama mtu anayetupia mbwa mfupa. Mimi kimya nimekizoea, naweza kukaa nacho. Watu wengi walituambia jambo lenyewe baada ya kimya, wakiwa wanaangalia mbali, kama wanajiambia wenyewe.

Jioni tulikuwa tunakaa kwa meza ya susu, mimi naandika yaliyo kwenye simu, Anti anasoma nyuma yangu. Nikiandika "alisema kwa uchungu", ananigonga bega. "Uchungu umeuona wapi? Andika alichosema. Kama uko, msomaji atausikia." Mwalimu wangu wa insha anataka uchungu kila mstari, lakini mimi najua nani alinifundisha kuandika. Anti pia ndiye aliniambia kwamba tunachotafuta kinaitwa uhalifu uliofichika, ule ambao haufiki kwa kitabu cha polisi, na kwamba serikali inapanga mambo yake kana kwamba haupo. Alikuwa anaongea huku anakula muthokoi kwa sufuria, macho yanang'aa, na mimi nikaona kumbe kuna watu wanalipa karo ili wakasirike vizuri. Nilitaka kuwa kama yeye.

Nawaambia haya ndiyo mjue sikumchukia. Kumkasirikia mtu usiyempenda ni rahisi, unalala na asubuhi imekwisha. Hii yangu naamka nayo.

Sasa Wamunyu.

Wamunyu ni kwa wachongaji. Wanakaa kwa mabanda, banda moja watu wengi, wananunua magogo pamoja, yanakuja kwa lori, yanagawanywa. Kila mmoja ana mnyama wake. Kuna wa twiga, kuna wa ndovu, kuna anayechonga simba tu tangu alipoacha shule. Musembi ni wa swara. Ni mtu wa umri wa baba yangu, mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Hakutaka kutuona pale bandani. Alituambia twende kwake nyumbani Jumapili, wakati wenzake wako kanisani, yeye alikuwa ameenda misa ya kwanza. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, swara mapajani, tezo yake ya kuchongea mkononi. Msimwambie mchongaji aweke tezo chini ndiyo aongee. Ukimtoa tezo umemtoa ulimi.

Kabla hajasema lolote aliniuliza mimi, kwa Kikamba, "Msichana, haya nikiyasema yataenda wapi?"

Nikamwambia Anti. Anti akasema, "Mwambie ni ya chuo tu. Hakuna jina, hakuna uso. Hakuna mtu atamjua."

Nikamwambia: hakuna mtu atakujua.

Mkalimani anachukua maneno ya mtu mwingine, lakini mdomo ni wake. Musembi hakumwangalia Anti hata kidogo. Aliniangalia mimi.

"Wewe ni wa wapi?"

"Mitaboni."

"Basi wewe ni mtu wetu," akasema. Nikamsomea fomu ya ridhaa, akakubali, akaanza.

Alituambia kwamba lori likifika, magogo mengine hayafiki kwa mgao. Alituambia yanatolewa saa ngapi, yanapitia wapi, na yanaenda kwa banda la nani. Anayeyatoa ni mweka hazina wao wenyewe, mtu anayekaa mbele kanisani. Anti akauliza kwa nini hajaenda polisi. Musembi akanyamaza. Mimi sikujaza. Akakata vipande viwili vitatu vya mti, akapuliza vumbi, akasema: "Nikienda polisi leo, kesho nitachonga wapi?"

Anti alinifinya goti. Nilijua hilo ndilo jibu alilokuwa analitafuta tangu Aprili ile ya mwanzo.

Tulipomaliza, swara alikuwa amekaribia kuisha, na Musembi alikuwa amefurahi kama mtu aliyetua mzigo. Alimwinua yule swara juu. "Piga huyu," akamwambia Anti kwa Kiswahili. "Lakini mimi usinipige." Anti akapiga picha: swara na mikono tu. Akamwonyesha simu. Musembi akaikubali.

Angalieni hiyo picha mtaona nini? Mtaona mikono kama mikono yote na swara kama swara wote wa maduka ya watalii. Mimi niliona hivyo. Anti aliona hivyo. Wale maprofesa wa jopo lililomtahini Anti waliona hivyo, wakasema ni picha nzuri, inagusa. Uso hakuna. Jina hakuna. Chini yake imeandikwa "Mshiriki, Wamunyu", na sura nzima ya tasnifu ya Anti imepewa jina la lile jibu lake: Kesho nitachonga wapi?

Jopo likampitisha, abakishe kurekebisha nukta na koma. Naye Anti, kwa sababu ni mtu mwema, na huu wema wake ndio unanichemsha, akasema utafiti haufai kula tu kwa watu bila kurudisha. Akachapisha muhtasari kwa Kiswahili, kurasa chache, akaupeleka Wamunyu mwenyewe. Mimi nilikuwa shuleni. Aligawa kwa mabanda yote, soda juu. Mbele ya huo muhtasari, kwa rangi, aliweka picha ya swara.

Wamunyu hawakuhitaji uso. Kila mchongaji pale anajua mkono wa mwenzake vile wewe unajua mwandiko wa dada yako. Swara wa Musembi sikio moja linasikiliza mbele, lingine nyuma. Hakuna mwingine anayefanya hivyo. Wenzake wanasema ni kupoteza mti. Aliyeitambua picha kwanza ni kijana wa kupiga msasa, na hakuwa na nia mbaya. Alipaza sauti tu, amefurahi: "Eh! Si haya ni masikio ya Musembi? Musembi, kumbe siku hizi uko vitabuni!"

Na chini ya masikio, lile jibu. Nikienda polisi leo.

Mweka hazina alisoma muhtasari polepole, Musembi aliniambia. Akaukunja, akautia mfukoni, akasema, "Polisi kufanya nini, ndugu yangu?" Hakungoja jibu. Wiki hiyo mahali pa Musembi bandani paliwekwa mtu mwingine. Swara wake waliokuwa stoo wakitafuta mnunuzi walirudishwa kwake kwa gunia, wengine masikio yamevunjika. Lori lilipokuja, hakuitwa kwa mgao. Sasa anachonga nyumbani vijiko vya kupakulia ugali kutoka kwa matawi ya mti wake mwenyewe, na anauza sokoni.

Haya yote aliniambia kwa simu, Jumapili moja ya likizo hii ya Agosti. Nambari yangu alikuwa nayo kwa sababu mimi ndiye nilikuwa napiga kupanga mahojiano. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jikoni ile ile, na mbele ya nyumba watu wa ukoo wamejaa, mbuzi amechinjwa, tunasherehekea Anti kupita. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Hiyo karatasi ilishafika, basi," akasema. "Lakini nimesikia kuna kitabu kikubwa. Humo niliyosema yako yote?"

"Yako yote."

"Ya magogo yanapitia wapi? Na banda linalopokea?"

"Ndiyo."

"Na hiyo picha?"

"Iko."

Akanyamaza. Kwenye simu hiyo sikuwa na nguvu za kukaa na kimya chake, lakini nilikaa.

"Msichana, ulinisomea fomu. Ulisema naweza kujitoa siku yoyote na hakuna atakayeniuliza kwa nini."

"Nilisema."

"Sasa nimejitoa. Waambie."

Nilimtafuta Anti. Alikuwa amevaa nguo mpya ya kitenge, amebeba sinia ya nyama. Nilimvuta mpaka kwenye tangi la maji, nikamwambia yote. Aliweka sinia chini. Nilidhani atalia. Kweli macho yalijaa.

"Maskini," akasema. "Nitampigia simu. Nitampelekea kitu."

"Hataki kitu. Amejitoa. Toa picha, na maneno yake yatoke."

"Mwende, jopo limepitisha. Cheti cha maadili ya utafiti ninacho. Hakuna jina, hakuna uso."

"Na si wamemjua bila uso?"

"Mimi ningejuaje? Wewe ulijua?"

"Sikujua. Lakini sasa tunajua wote wawili."

Akaangalia nyuma kama kuna mtu anasikia. "Nakala ya mwisho inaingia maktaba na kwenye mtandao wa chuo kesho jioni. Nikimtoa yeye, sura ya nne imeanguka. Sura ya nne ni yeye. Narudi kwa msimamizi, narudi kwa jopo, mahafali yananipita mwaka mzima. Unajua nimesoma hii kitu nikinyonyesha? Unajua nimekaa darasani na homa?"

"Najua, Anti."

"Basi."

"Ikiingia mtandaoni, yule mtu wa magogo atasoma mahali yanapopita. Atajua aliyesema ni nani, maana picha iko hapo. Musembi analala hapo hapo Wamunyu."

"Nani anasoma tasnifu? Hata maprofesa hawasomi." Akajaribu kucheka. Halafu akaona uso wangu. "Na tena mtu hawezi kujitoa baada ya uchambuzi. Hiyo ni kanuni."

"Hiyo haikuwa kwa fomu. Fomu nilisoma mimi. Nimeisoma mpaka naiota."

"Sasa unanifundisha kriminolojia?"

Mjomba mmoja akapita hapo na mfupa mkononi. "Mwende, leo umepata wapi mdomo? Heshimu anti yako, njoo ule."

Anti akachukua sinia yake. "Tutaongea baadaye," akasema, akarudi kwa wageni, na mtu akaanza kuomba baraka kwa ajili ya mtoto wetu ambaye ameshinda.

Sikula. Nilikaa na susu jikoni, nikamwambia. Susu hajui kriminolojia ni nini, anajua tu kwamba binti yake amesoma. Aliniuliza swali moja: "Huyo mtu ana watoto?" Nikasema wanne. Akachochea moto. Sikuomba anisaidie. Ni binti yake.

Nyinyi mtakaoitwa, msiogope kazi yenyewe. Ni nzuri. Lakini mtu akikwambia "mwambie hakuna atakayemjua", muulize kwanza: hakuna nani? Maprofesa? Watalii? Ama watu wanaokaa naye benchi moja? Picha ya kitu alichotengeneza mtu kwa mkono, usiihesabu kama picha ya kitu. Kikapu, chungu, mshono wa nguo, hata vile mtu anapanga nyanya sokoni, huku kwetu hizo ni nyuso. Na fomu ikisema mtu anaweza kujitoa, muulize mwenye utafiti siku ya kwanza, mbele yako: akijitoa, utafanya nini? Akianza kucheka, rudi nyumbani ukasugue sufuria. Nimechoka na watu wazuri wanaosema asante kwa ushirikiano wako. Nimechoka na hilo neno mshiriki. Musembi hakushiriki chochote. Aliongea na mimi.

Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, nilivaa sare ya shule ingawa ni likizo, kwa sababu ndiyo nguo yangu pekee ambayo mlinzi wa geti hawezi kuibishia. Musembi nilimkuta mjini Machakos, tulivyokubaliana kwa simu, amevaa koti la kanisani, mikono imesuguliwa kwa mafuta lakini vumbi la mti bado limo kwenye mistari. Tulienda mpaka chuoni, idara ya Anti. Karani akauliza kama tuna miadi, nikasema hapana, tukasimama tu pale mlangoni pake mpaka akaona bora atuingize.

Mkuu wa idara ni mama mwenye miwani myembamba. Musembi alimwamkia, akaanza kujieleza kwa Kiswahili, lakini hakikufika mbali. Akanigeukia.

"Huyu ni nani?" mkuu akaniuliza. "Na wewe ni nani?"

"Huyu ni mtu wa sura ya nne kwa tasnifu inayoingia maktaba leo," nikasema. "Amejitoa. Mimi ndiye nilimwahidi hakuna mtu atamjua."

Aliweka kalamu chini. "Tasnifu ya nani?"

Nilimvutia Musembi kiti, akakaa, na mimi nikabaki nimesimama.

"Ya Mumbua," nikasema. "Ni dada ya mama yangu."